DARASA LA MWEZI: Kukauka Si Kufa



Ndugu wasomaji, mama mmoja wa hapa hapa Matonge ameniletea swali ambalo nimeona lafaa kuwa darasa letu la mwezi huu. Mwanawe wa miaka sita alipelekwa na shule kutembelea shamba la mifugo nje ya jiji. Watoto walikula chakula cha mchana wakiwa wameketi juu ya majani, katika konde ambalo siku chache kabla walikuwa wakilisha ng'ombe. Jioni mtoto alirejea nyumbani na viatu vilivyogandamana mavi makavu. Mama akataka kuvisugua papo hapo. Bibi yake mtoto, mzaliwa wa Kasongo, akamwambia asijisumbue, kinyesi kikishakauka hakina neno. Mtoto naye akasema kwamba rafiki yake wa Kimoroko amemhakikishia kuwa mavi ya ng'ombe ni tohara. Mama yuauliza: katika sisi watatu, nani aliye na haki?

Jawabu fupi ni kwamba kila mmoja ana sehemu ya haki, ila hawazungumzi jambo moja. Rafiki yake mtoto azungumza habari za tohara. Mama azungumza habari za maradhi. Bibi, pasi na kutambua, amelichukua jawabu la suali la kwanza akalijibia suali la pili. Kosa hili ni la wengi miongoni mwetu, na kwa kuwa linaweza kumgharimu mtoto mafigo yake, yapasa tulifafanue taratibu.

SUALI LA TOHARA

Mimi si mwanachuoni wa fiqhi, nami nitataja yale tu ambayo kila aliyesoma chuoni ameyapitia. Sisi watu wa pwani, na wa Ujiji, Buyenzi, Kasongo na Kindu tulioupata Uislamu kwa njia ya pwani, wengi wetu tu wafuasi wa Imam Shafi'i. Katika madhehebu yake kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, awe ni mnyama wa kuliwa au asiyeliwa. Jirani zetu wa Kimoroko, ambao ndio wengi katika misikiti ya Brussels, ni wafuasi wa Imam Malik. Kwa madhehebu hayo kinyesi cha mnyama ambaye nyama yake ni halali kuliwa, kama vile ng'ombe, kondoo na mbuzi, ni tohara madhali mnyama huyo hali najisi. Kwa hiyo yule mtoto wa Kimoroko hakusema uongo, alisema alilofundishwa, nalo ni neno la wanavyuoni wakubwa. Watoto wetu wasigombane naye.

Hata kuhusu kukauka pana maneno. Kwa Imam Abu Hanifa, ardhi iliyoingia najisi ikakaushwa na jua hata athari yake ikaondoka, huwa imetoharika kwa kuswaliwa. Kwa Shafi'i jua peke yake halitoharishi, lazima maji. Na wote tulifundishwa ile kanuni ya kwamba kikavu kikigusana na kikavu hakikinajisishi. Naamini hapa ndipo lilipotoka neno la bibi yetu. Ni kanuni sahihi kwa mahali pake: mwenye kukanyaga kinyesi kikavu kwa kiatu kikavu hana haja ya kuingiwa na wasiwasi juu ya swala yake. Lakini kanuni hiyo iliwekwa ili kutuondolea uzito katika ibada. Haikuwekwa ili itueleze ni kitu gani kinachoishi ndani ya kinyesi. Suali hilo lina elimu yake.

NI NANI ANAYEKAA NDANI YA KINYESI

Mnamo mwaka 1885, daktari wa watoto kwa jina Theodor Escherich alieleza habari za kijidudu alichokipata katika kinyesi cha watoto wachanga. Kijidudu hicho leo chaitwa kwa jina lake, Escherichia coli, nasi tutakiita koli kwa ufupi. Ni bakteria, yaani kiumbe kidogo kisichoonekana ila kwa darubini, nacho chakaa matumboni mwa wanadamu na mwa wanyama wenye damu ya moto. Gramu moja tu ya mavi ya ng'ombe, ambayo ni kiasi cha kubandika kwenye ncha ya kidole, yaweza kuwa na koli laki kadhaa hata milioni. Aghalabu hawana madhara. Ni wapangaji wema.

Lakini katika ukoo huo wamo wachache waovu. Mwaka 1982 huko Marekani iligunduliwa aina iliyopewa namba O157, iliyowaharisha damu watu waliokula nyama ya kusaga isiyoiva vyema. Aina hiyo, pamoja na jamaa zake kadhaa, hutoa sumu iitwayo sumu ya Shiga, kwa jina la tabibu wa Kijapani Kiyoshi Shiga. Sumu hiyo huingia katika damu na kuharibu mishipa midogo, hasa ya figo. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Baadhi yao, yapata wiki moja baada ya kuanza kuharisha, huacha kukojoa, huwa weupe kwa kupungukiwa na damu, na figo zao husita kufanya kazi. Wengi hupona kwa kusaidiwa na mashine ya kusafishia damu. Wako wanaobaki na figo dhaifu umri wao wote, na wako wanaofariki.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba ng'ombe mwenyewe haumwi. Mishipa yake ya damu haina mahali ambapo sumu ile yaweza kushika. Hubeba vijidudu tumboni, akala, akanenepa, akatoa maziwa, na mwenye kumtazama hamuoni kasoro. Kwa siku moja ng'ombe mkubwa huenda haja zaidi ya mara kumi, akaacha kilo 25 au zaidi za kinyesi machungani. Na mwanadamu hahitaji koli wengi wa aina hii ili augue, kwani chini ya 100 wanatosha. Linganisheni hesabu hiyo na ile ya gramu moja, nanyi mtaelewa kwa nini kidole cha mtoto kisichooshwa kinatosha.

JUA LA KWETU NA BARIDI YA HUKU

Sasa tuje kwenye kukauka. Tulipokuwa wadogo tuliona kinyesi cha ng'ombe kikianikwa juani, kikiokotwa kwa kuwashia moto, kikikandwa kwa udongo na kusiribwa sakafu na kuta. Jua la kwetu ni kali, na mwanga wake huua vijidudu vilivyo juu ya uso wa kitu. Hilo ni kweli. Lakini bonge la mavi ya ng'ombe ni mfano wa mkate: nje hufanya ganda gumu, ndani hubaki unyevu. Ganda lile lile linalotufanya tuseme kimekauka ndilo linalowakinga na jua vijidudu vilivyo ndani. Tena katika siku za mwanzo, kukiwa na joto na unyevu, koli walio ndani ya bonge hilo waweza hata kuongezeka idadi badala ya kupungua.

Mwaka 1996 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, nao ni Wang, Zhao na Doyle, walichapisha jaribio lao. Walitia koli O157 katika kinyesi cha ng'ombe na kukiweka katika viwango mbalimbali vya joto. Kwa nyuzi 37 za sentigredi, vijidudu viliishi siku 42 hadi 49. Kwa nyuzi 22, siku 49 hadi 56. Kwa nyuzi 5, ambazo ni baridi ya jokofu, siku 63 hadi 70. Nawaomba muangalie mambo mawili. Kwanza, baridi haiwaui, bali huwahifadhi. Pili, kile kinyesi kilichowekwa kwa nyuzi 37 na 22 kilikauka hata kikabakiwa na unyevu wa asilimia 10 tu, na pamoja na hayo vijidudu viliendelea kuwemo, vikiwa hai, kwa wiki sita na zaidi. Hapo ndipo penye jawabu la bibi yetu. Kukauka si kufa.

Miaka miwili baadaye, 1998, Indra Kudva na wenzake wa Chuo Kikuu cha Idaho walieleza habari za marundo ya samadi yaliyoachwa nje, yakinyeshewa na kupigwa na jua kama yalivyo marundo ya wakulima. Katika rundo la samadi ya kondoo ambalo halikupinduliwa wala kuingizwa hewa, koli O157 walipatikana hai hata baada ya miezi 21. Katika rundo la namna hiyo hiyo lililokuwa likiingizwa hewa, walidumu miezi 4, na katika lile la ng'ombe lililoingizwa hewa, siku 47. Sababu ni kwamba samadi inayopata hewa hupamba moto wenyewe kwa kuoza, na joto likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, vijidudu hufa. Rundo lililoachwa tu hupoa, na lililopoa ni nyumba.

Basi mtu aliyekulia katika nchi ya jua akahamia nchi ya mawingu, yapasa ajue kuwa elimu yake ya nyumbani haikuwa ya bure, lakini ilitegemea jua ambalo hakusafiri nalo. Malisho ya Ubelgiji ni ya kijani kwa sababu ni ya baridi na ya maji, na hayo mawili ndiyo marafiki wa kijidudu.

YALIYOTOKEA

Ili msidhani kwamba haya ni ya maabara tu, nitawasimulia visa vitatu.

Cha kwanza ni cha kaskazini ya Uskochi. Mwezi wa Mei 2000, skauti walipiga kambi katika konde karibu na kijiji cha New Deer, wilaya ya Aberdeenshire. Konde hilo lilikuwa limelishiwa kondoo hadi muda mfupi tu kabla ya kambi. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope, na tope likaingia mikononi, viatuni na mahemani. Watu 20 wakaambukizwa koli O157. Wataalamu waliopima uwanja ule baadaye waliendelea kukipata kijidudu hicho kwa yapata wiki 15. Kutokana na kisa hicho kamati ya wataalamu wa Uskochi ikashauri mwaka 2001 kwamba konde litakalotumiwa kwa kambi au michezo liondolewe wanyama wiki tatu kabla, na kinyesi kinachoonekana kizolewe.

Cha pili ni cha hapa hapa Ubelgiji, mkoa wa Antwerp. Mwezi wa Septemba 2007 shamba moja liliuza aiskrimu iliyotengenezwa hapo hapo. Ililiwa katika sherehe mbili za siku ya kuzaliwa na pia shambani penyewe. Watoto watano, wa umri kati ya miaka 2 na 11, wakapata ugonjwa ule wa figo, na watu wengine saba wakaharisha vibaya. Koli wa aina za O145 na O26 walipatikana kwa wagonjwa, katika mabaki ya aiskrimu, katika kinyesi cha ndama na katika majani makavu waliyolazwa ndama hao. Na maziwa yenyewe yalikuwa yamekwisha kupashwa moto wa kuulia vijidudu! Inaelekea uchafu uliingia baadaye, kwa mkono wa mmoja wa waliotengeneza. Zizi lilifika kwenye keki ya mtoto kwa hatua chache tu.

Cha tatu, nacho ndicho kikubwa, ni cha Afrika, katika nchi ya Swaziland, ambayo tangu 2018 yaitwa Eswatini. Mwaka 1992 ukame mkali uliikumba kusini ya bara letu. Ng'ombe walidhoofika, na mwezi wa Oktoba vifo vyao viliongezeka mara tano kuliko miaka iliyotangulia. Kinyesi kilikuwa kimelundikana juu ya ardhi kavu kwa miezi. Mwezi huo huo mvua kubwa ya kwanza ikanyesha, milimita 36, baada ya miezi mitatu ya ukavu. Watu walishukuru, na nani asingeshukuru? Lakini maji yale yaliyafagia machunga yote na kuyapeleka mitoni na visimani. Katika Oktoba na Novemba watu wa miaka mitano na zaidi walifika kwa matabibu kwa ajili ya kuharisha mara 40,912, yaani mara saba ya kawaida. Katika wakazi 778 waliohojiwa, asilimia 42 walikuwa wameugua. Kijidudu kilikuwa koli O157, na waliokunywa maji yasiyosafishwa na waliokula nyama ya ng'ombe ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Tazameni mpango wa kisa hicho. Kinyesi kilikauka, kikaonekana kimekufa, na maji yakakiamsha. Neema ya mvua ikapita juu ya uzembe wetu ikageuka mtihani.

TUFANYE NINI

Sisemi kwamba watoto wasiende mashambani. Mtoto wa Chaussée de Wavre anayedhani kwamba maziwa huzaliwa katika sanduku la duka ana haja kubwa ya kumwona ng'ombe. Wala samadi si adui. Huko Narok, Kenya, mahali ambapo wafugaji wa kale walilaza mifugo yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ardhi hata leo ina rutuba kuliko ya jirani na majani yake ni mazuri zaidi, kama ulivyoonyesha utafiti uliochapishwa 2018. Vijidudu vilikufa zamani, neema ikabaki. Tunachotakiwa ni kuupa wakati nafasi yake na kuweka mpaka kati ya zizi na kinywa.

Kwanza, mikono. Mtoto akigusa mnyama, ua wa zizi au majani ya machungani, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kula chochote, hata peremende. Ile dawa ya kupaka isiyohitaji maji haitoshi kwa mkono wenye uchafu wa kinyesi. Kutawadha kwetu ni msaada mkubwa, lakini maji matupu huondoa najisi inayoonekana, ilhali hapa twataka na sabuni.

Pili, viatu. Ile desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ni hazina, msiiache kwa kuiga wengine. Viatu vya shambani visuguliwe kwa maji ya moto na sabuni, na aliyevisugua aoshe mikono yake. Msivikwangue vikiwa vikavu ndani ya nyumba, kwani vumbi lake huanguka sakafuni anapotambaa mdogo wao.

Tatu, mkeka. Familia nyingi hutandika mkeka au msala bustanini na mashambani kwa kula na kuswali. Swala yaweza kuwa sahihi kama upande wa juu ni safi na mkavu. Lakini mnapoukunja ule msala kwa kuuzungusha, upande uliogusa ardhi hulala juu ya upande wa kusujudia. Kesho mtoto huweka paji la uso na midomo hapo hapo. Wekeni karatasi ya plastiki chini yake, kisha ikunjeni mbali.

Nne, bustani. Wako ndugu waliopata vipande vya kulimia mboga pembezoni mwa jiji, nao huomba samadi kwa wakulima. Samadi mbichi isitiwe karibu na mavuno. Kanuni ya kilimo cha asili huko Marekani yataka siku 120 zipite kabla ya kuvuna mboga inayogusa udongo, na siku 90 kwa isiyougusa. Rundo lipinduliwe mara kwa mara lipate moto wake. Mchicha upikwe, na saladi ioshwe vyema, ingawa kuosha hakuondoi vyote.

Tano, maziwa na safari. Maziwa yaliyonunuliwa shambani yachemshwe. Nanyi mnaokwenda likizo nyumbani, ikinyesha mvua ya kwanza baada ya kiangazi, chemsheni maji ya kunywa hata kama ni ya kisima mlichokinywea tangu utotoni. Watoto waliozaliwa huku ndio wa kutazamwa zaidi.

Sita, na hili mlikate mkalibandike ukutani. Mtoto akiharisha damu, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo, na mwambieni waziwazi kwamba alikuwa shambani au alikunywa maziwa mabichi. Msimpe dawa ya kufunga choo, wala zile antibayotiki zilizosalia kabatini kutoka ugonjwa mwingine, kwani dawa hizo huweza kuzidisha madhara ya sumu. Na hata kuharisha kukitulia, angalieni mkojo kwa wiki nzima inayofuata. Akipungua kukojoa, akawa mweupe na mlegevu, nendeni hospitali bila kungoja asubuhi. Wapo miongoni mwetu wanaochelewa kwa kuchelea gharama au kwa kutojua Kifaransa. Chukueni kijana wa jirani awe mkalimani, lakini nendeni.

Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akisema kwamba mwenye tohara ana mambo mawili ya kuchunga: ibada yake na wale anaokaa nao. Wanavyuoni wamehitilafiana katika hukumu ya kinyesi cha ng'ombe, na hitilafu yao ni rehema. Katika kuosha mikono ya mtoto kabla ya chakula sijaona aliyehitilafiana na mwenziwe.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumzia kuhifadhi chakula kilichopikwa, hasa wali na maharagwe ya shughuli. Wenye masuali wayaandike wayaache dukani mahali mnapochukua jarida hili.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wenu